Usiku Mmoja Baina ya Unguja na Pemba

Safari ni katika mambo ambayo mwanadamu hana budi nayo, na khasa mwanadamu aliyezaliwa kisiwani. Mtu wa bara akipata habari ya msiba hushika njia kwa miguu yake. Mtu wa kisiwa hungoja chombo. Ndiyo maana kwa watu wa Unguja na Pemba bahari si pambo la kutazamwa, bali ni njia kuu. Juu yake hupita maharusi na masanduku yao, wagonjwa na wauguzi wao, wanafunzi na vitabu vyao, na magunia ya karafuu yaliyowalisha wazee wetu. Pamoja na hayo, wako katika jamaa zetu watu ambao hawajavuka maji hayo kwa miaka kumi na zaidi. Ukiwauliza sababu hawakutajii nauli wala shughuli, hukujibu neno moja tu: "Mimi bahari siiwezi." Na mara nyingi anayesema hivyo haogopi kufa. Aogopa kigegezi: kule kuchafukwa na roho, jasho la baridi, na kutapika mbele za watu.

Jambo hili si dogo kama wanavyolidhani wale wanaolicheka. Mama asiyeiweza bahari hamwoni bintiye aliyeolewa ng'ambo. Mtu huzikwa na nduguye hayupo. Watoto wa babu mmoja hukua bila ya kujuana nyuso. Kuunga udugu ni wajibu unaojulikana na kila Mwislamu, na ikiwa kinachouzuia ni maradhi ambayo chanzo chake chajulikana na kinga yake yajulikana, basi yatupasa tuyajue. Kwa ajili hiyo tumeonelea kuwaandikia wasomaji wetu habari za usiku mmoja tuliovuka kwa meli ya magari, sisi na watu wa nyumbani kwetu na gari letu, katika mwezi wa Julai, wakati kusi limeshika nguvu.

Yafaa kwanza msomaji aijue njia yenyewe. Baina ya ncha ya kaskazini ya Unguja na ncha ya kusini ya Pemba pana maji ya kiasi cha kilomita 50. Lakini meli huondoka bandari ya Malindi, mjini Unguja, ikaenda hata Mkoani, na masafa yake ni kama kilomita 100. Safari hii ina sehemu mbili zisizofanana. Katika sehemu ya kwanza meli hufuata pwani ya magharibi ya Unguja kwenda kaskazini, ikapita Tumbatu, na muda wote huo kisiwa chenyewe huwa ni ukuta uizuiao bahari kuu. Sehemu ya pili huanza Nungwi, penye mnara wa taa. Hapo ukuta umekwisha. Mawimbi ya Bahari ya Hindi, yaliyosukumwa na kusi kutoka mbali bila ya kukutana na nchi, huingia katika uwazi ulio baina ya visiwa viwili, nayo meli iendayo Pemba huyapokea kwa ubavu wake wa kulia. Tena Unguja imekaa juu ya maji ya kina kifupi, ama Pemba imezungukwa na kilindi. Katika mkondo ulio baina yake na bara kina hufika mamia ya mita.

Basi ajuaye hayo hujua pia kuwa bahari hii si moja mwaka mzima. Kusi huvuma tangu Aprili hata Septemba, na kaskazi tangu Disemba hata Machi. Na katikati yake kuna maleleji, siku za utulivu ambazo wazee wetu walizichagua kwa safari za wanawake na watoto. Mwenye hiari na afuate mwendo wao. Lakini harusi na mazishi havingoji maleleji, nasi tulikuwa na harusi.

Tulifika bandarini baada ya sala ya Magharibi. Meli ya magari haifanani na boti za mbio. Nyuma yake una mlango mkubwa ulalao gatini ukawa daraja, na magari huingia humo kama ng'ombe waingiao zizini: malori ya saruji, gari za abiria, pikipiki, na mikokoteni ya makochi na magodoro. Ndani ni ukumbi mmoja mrefu wenye harufu ya dizeli. Baharia alituonyesha pa kusimama, akatuamuru tuzime gari, tuitie gia na kuvuta breki ya mkono, kisha yeye na wenziwe wakaifunga kwa minyororo. Gari isiyofungwa huwa kama nyundo tumboni mwa meli pindi inapokwenda mrama. Hapo dereva na ashushe kila atakachohitaji usiku kucha: dawa, maji, nguo za mtoto, msala, na tochi. Mlango ukishafungwa hapana ruhusa ya kurudi garini, wala haifai mtu kujificha humo alale. Humo mna moshi na hapana hewa ya kutosha, na kukitokea lolote hapana njia ya kutokea kwa haraka.

Juu tulikuta watu wamekwisha tandika mikeka. Karibu nasi alikaa bibi mmoja mtu wa Wete, ameshika mfuko wa nailoni mkononi kabla hata meli haijang'oa nanga.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nisameheni mapema. Mimi nikifika Nungwi ni maiti."

Akatueleza kuwa ana miaka tisa hajavuka, na kwamba amekuja Unguja kwa ndege kutibiwa macho, na nauli ya ndege ya kurudia hana. Kijana mmoja aliyekaa mbele yetu akicheza na simu yake alicheka, akasema kuwa kigegezi ni woga tu, na asiyeogopa halewi. Maneno haya husemwa na wengi, nayo si kweli. Kwa hivyo twapenda kueleza hapa ukweli wa maradhi haya, kama walivyoutambua wenye elimu ya mwili.

Ndani ya sikio la kila mtu, mahali pasipoonekana, Mwenyezi Mungu ameweka mirija mitatu midogo iliyopindana nusu duara, yenye maji ndani yake, na kando yake vijiwe vidogo mno. Kichwa kikigeuka, maji yale hutikisika. Mwili ukipanda au kushuka, vijiwe vile husogea. Na habari hupelekwa ubongoni. Kwa njia hiyo mtu hujua amesimama au ameinama hata akifumba macho. Sasa mtazame aliyekaa ndani ya meli. Sikio lake lasema: tunapanda, tunashuka, tunalala ubavu. Jicho lake, likitazama ukuta na kiti na jirani, lasema: hapana kitu kinachosogea. Ubongo huwa kama kadhi aliyeletewa mashahidi wawili waadilifu wanaopingana. Hauwezi kukata shauri, na fadhaa yake humshukia mtu tumboni. Dalili kuwa chanzo ni sikio wala si woga ni hii: watu ambao kiungo hicho cha sikio kimekufa kabisa kwa maradhi hawalewi bahari hata ikichafuka vipi. Ama wenye masikio mazima, takriban kila mmoja aweza kulewa mawimbi yakizidi, shujaa kwa mwoga. Na mwendo ulio mbaya kupita yote si ule wa mitikisiko ya haraka, bali ni ule wa polepole, wa kupanda na kushuka mara moja katika kila sekunde tano hivi.

Ukishaijua sababu, kinga yake yafahamika. La kwanza ni mahali. Meli baharini ni kama ubao wa watoto wa kubembea: akaaye nchani hurushwa juu na chini, na akaaye katikati hatikisiki sana. Kwa hivyo mwenye kigegezi asikimbilie omo kwa kutaka upepo, wala asipande tabaka la juu kabisa kwa kutaka heshima. Akae katikati ya meli, chini kadiri abiria wanavyoruhusiwa, mbali na harufu ya jiko na ya dizeli, na mahali penye hewa.

La pili ni macho. Mchana mtu huambiwa atazame mbali, pale mbingu inapokutana na bahari, kwa kuwa mstari ule hautikisiki, na jicho likiutazama huafikiana na sikio. Usiku mstari huo hauonekani. Na hapa ndipo wengi wanapokosea, kwani hukaa wima wakitazama taa na nyuso za watu. Usiku dawa ni kumnyamazisha shahidi mmoja: lala chali, kichwa kiegemee mahali imara kisitikisike, ufumbe macho. Ukipata usingizi kabla ya Nungwi umekwisha vuka nusu ya taabu. Ama kusoma, au kukodolea simu katika chombo kinachokwenda mrama, ni kumlazimisha jicho kushuhudia uongo kwa karibu.

La tatu ni tumbo. Wengine hufunga kula tangu asubuhi, wakidhani kuwa tumbo tupu halina cha kutapika. Na wengine hula pilau ya mafuta bandarini kwa kuwa safari ni ndefu. Wote wawili hujidhuru. Lililo bora ni chakula chepesi saa mbili au tatu kabla ya kuondoka: wali mweupe, mkate mkavu, au muhogo wa kuchemsha, na njiani maji kidogo kidogo. Tangawizi imejaribiwa na waganga wa kisasa. Wako walioona kuwa hupunguza kichefuchefu na wako wasioona tofauti, lakini kikombe cha chai yake hakina madhara kwa watu wengi. Wanaonusa ndimu nao waachwe, kwani harufu njema hushinda harufu ya dizeli.

La nne ni dawa za hospitali. Ziko za namna nyingi, na shuruti yao ni moja: huzuia, haziondoi. Anayengoja roho imchafuke ndipo ameze, huitapika pamoja na chakula. Zimezwe saa moja au zaidi kabla ya chombo kuondoka, kama atakavyoagiza mtaalamu. Tena nyingi katika hizo huleta usingizi mzito. Basi atakayeendesha gari asubuhi aulize mapema ni ipi imfaayo na nguvu yake hudumu muda gani. Wenye mimba, wenye maradhi ya presha ya macho, na wazee wenye taabu ya mkojo wasimeze bila ya kumwuliza daktari. Ama watoto, walio chini ya miaka miwili ni nadra kulewa, na baadhi ya dawa hizi haziruhusiwi kwao kabisa. Wanaotaabika zaidi ni wale wa miaka minne hata kumi na miwili. Na mtoto au mgonjwa wa sukari akitapika mfululizo, khatari yake ni kukaukiwa na maji mwilini. Apewe maji ya chumvi na sukari kwa kijiko, na asipoweza kuyaweka tumboni aonwe na mganga mara tu chombo kifikapo.

Hayo ndiyo tuliyomweleza yule bibi, kwa maneno machache kuliko haya. Tulimhamisha kutoka karibu na mlango wa omo, tukamtandikia katikati. Watu wa nyumbani kwetu walimpa chai ya tangawizi na kipande cha mkate, akalala chali na kanga imemfunika uso.

Meli iliondoka saa nne usiku. Muda mrefu ilikwenda kama iliyo juu ya bwawa. Taa za mji zikapotea, tukapita Tumbatu gizani. Kisha ulionekana mwanga wa mnara wa Nungwi, na haukupita muda sakafu ikaanza kutuinua upande wa kulia, ikasita kidogo, kisha ikatushusha upande wa kushoto. Vikombe viliteleza. Watoto wawili walianza kulia, na baharia akapita akigawa mifuko. Yule kijana aliyekuwa na simu aliinuka, akatafuta mlango, hakuufikia. Hakuna aliyemcheka; mzee mmoja alimshika mabega na mwingine akampa maji. Bibi wetu alifumbua macho mara moja, akauliza, "Tumefika Nungwi?" Tukamjibu, "Tumekwisha ipita, bibi. Lala." Akafumba macho tena.

Yatupasa hapa kusema neno juu ya ibada, kwa kuwa wako wanaoacha sala chomboni kwa sababu ya kigegezi, wakidhani kuwa wamesamehewa. Vitabu vya fiqhi vya madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi katika watu wa pwani yetu, havikulisahau jambo hili: aliye chomboni akikhofu kizunguzungu au kuanguka lau atasimama, husali kwa kukaa, na sala yake ni sahihi. Matapishi ni najisi, basi nguo ya akiba isikosekane mfukoni. Na aliyefunga akatapika bila ya kutaka, saumu yake haikuharibika. Aliyejitapisha kwa makusudi ndiye aliyeiharibu. Ama kibla, watu wa njia hii wamerahisishiwa: Makka iko karibu kaskazini sawasawa kwa Unguja na Pemba, na meli iendayo Pemba huelekeza omo yake upande huo katika sehemu ya kwanza, kisha baada ya Nungwi huinamia mashariki kidogo. Baharia yeyote atakuonyesha.

Limebaki jambo moja ambalo ni zito kuliko yote tuliyotaja. Kigegezi huogopwa, nacho ni nadra kuua. Na kinachoua mara nyingi hakiogopwi. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli ya Spice Islander I ilizama katika maji hayo hayo ya Nungwi, ikielekea Pemba, imejaa watu na mizigo kupita kiasi chake. Mamia ya roho zilipotea, na hata leo ziko nyumba Pemba ambazo hazikupata maiti ya kuzika. Usiku wa tarehe 2 kuamkia 3 Februari 2006, katika Bahari ya Sham, meli ya magari iliyoitwa al-Salam Boccaccio 98 ilikuwa ikitoka Duba kwenda Safaga. Moto ulizuka, maji ya kuuzimia yakakusanyika ndani ya meli, ikapinduka. Wakafa watu zaidi ya 1,000.

Meli ya magari ina udhaifu wake, na kila msafiri yampasa kuujua. Ule ukumbi wa magari ni mpana na hauna kuta za kuugawa. Maji yakiingia humo, yote hukimbilia ubavu ulioinama, na uzito wake huzidi kuuinamisha, hata meli iliyokuwa imara hupinduka kwa muda mfupi. Na shehena iliyozidi huizamisha meli karibu zaidi na maji kabla hata ya safari kuanza. Kwa hivyo abiria asione haya kutazama. Ukiona watu wamejazana hata ngazini, na mizigo imefunika milango, shuka. Nauli iliyopotea hulipwa, roho hailipwi. Ukishapanda, jua majaketi ya kuokolea yako wapi, na uhesabu milango kutoka ulipolala hata nje, kwani gizani mkono huhesabu pale jicho lisipoona. Mwekee mtoto jaketi la kiasi chake karibu naye. Wala usinunue nafasi kwa mlango wa nyuma meli ikishajaa, kwa kuwa atendaye hivyo hujiongezea khatari yeye na kila aliye ndani. Haya hayapingani na kumtegemea Mola. Sote tumefundishwa kuwa ngamia hufungwa kwanza, kisha ndipo mtu akategemea.

Alfajiri ilitukuta maji yametulia, kwa kuwa Pemba nayo ilikuwa sasa imetukinga upande wa mashariki. Watu walisali kwa makundi, wengine wamesimama na wengine wamekaa. Kulipopambazuka tuliona vilima vya kijani vya kisiwa kile ambacho Waarabu walikiita al-Khadhra, na mji wa Mkoani umepanda kilimani juu ya gati yake. Yule kijana alikuwa amelala chali, kichwa juu ya mkoba wake, kama alivyoelekezwa. Bibi alikuwa amekaa, anakunja mkeka, na mfuko wake wa nailoni u mkavu.

"Vipi, bibi?"

"Moyo ulipanda kidogo pale katikati, mwanangu, kisha ukashuka. Basi panapo majaliwa na Idi nitakwenda kwa bintiangu Unguja."

Tulingoja tuitwe, tukashuka kwenye gari kwa utaratibu. Si vyema kuwasha mashine kabla ya mlango kufunguliwa, watu wasije wakavuta moshi. Gatini ardhi ilionekana kama bado inapanda na kushuka. Hayo ni mazoea ya sikio, huondoka yenyewe. Lakini aliyelala vibaya, au aliyemeza dawa ya usingizi, asishike usukani papo hapo kwa haraka ya kufika Chake. Tulikaa nusu saa, tukanywa chai, kisha tukaipanda njia.

Enyi ndugu zetu wasomaji, ikiwa yuko jamaa yenu anayesema kuwa bahari haiwezi, msimcheke na msimwache. Mchagulieni siku, mchagulieni chombo kisichojazwa kupita kiasi, mtandikieni katikati, na mkae naye hata Nungwi ipite. Mwenyezi Mungu awarehemu waliopotea katika maji haya, na awafikishe salama kila wanaoyavuka kwa ajili ya kuonana na jamaa zao. Amin.